Niliibiwa Mkoba, Sikuibwa Mimi: Vitenzi na Vihusishi Katika Kiingereza cha Maandishi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuniita. Nimeombwa nizungumzie matumizi sahihi ya vitenzi na vihusishi katika Kiingereza cha kuandika, na waandaaji wakaniwekea sharti moja tu: nisiwalaze. Basi nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana aibu ya mtu mwingine haijawahi kumlaza msikilizaji.

Nilipokuwa mwanafunzi niliandika insha ya safari iliyoharibika. Katikati yake niliweka sentensi niliyoipenda kweli kweli: "I was stolen my bag." Insha iliporudi, pembeni palikuwa na wino mwekundu: "Nani alikuiba, na amekurudisha lini?" Darasa lilicheka, nami nikacheka pamoja nao ili nisionekane nimeumia. Lakini moyoni sikuona kosa. Niliibiwa mkoba wangu. "I" ni mimi, "was stolen" ni kuibiwa, "my bag" ni mkoba wangu. Kila neno lilikuwa na tafsiri yake, sasa tatizo liko wapi?

Miaka ilipita kabla sijagundua kwamba nilichokosa kukiona ni herufi moja ya Kiswahili. Tuna "kuiba" na tuna "kuibia". Mwizi huiba mkoba, lakini mtu humwibia. Ukigeuza, mkoba uliibwa, mimi niliibiwa. Ile "i" ndogo ndiyo inayomwingiza mwenye mali ndani ya tukio bila yeye mwenyewe kubebwa begani. Tunaisema tangu utotoni, ndiyo maana hatuisikii. Sasa, "steal" ya Kiingereza haina "i" hiyo. Inapokea kitu kilichochukuliwa, basi. Mwenye kitu lazima aingie kwa mlango wa pembeni unaoitwa "from": "They stole the bag from me." Kwa hiyo kinachoweza kukaa mbele ya "was stolen" ni mkoba peke yake: "My bag was stolen." Ukisema "I was stolen", umesema niliibwa, na mwalimu ana haki ya kuuliza nani alikurudisha. Ukitaka kwa nguvu zote wewe uwe kiima, badilisha kitenzi, useme "I was robbed." Na hicho nacho kina kihusishi chake, "of": "I was robbed of my bag." Tukio ni lile lile, vitenzi ni viwili, na kila kimoja kimekuja na mwenzake.

Hilo ndilo nililokuja kusema, mengine ni matawi yake. Kiswahili hubeba uhusiano ndani ya tumbo la kitenzi. Kiingereza huuweka nje, kwenye kijineno cha herufi mbili tatu, na kila kitenzi kilishachagua kijineno chake zamani. Sisi tunapoandika Kiingereza, mzizi wa kitenzi tunautafsiri vizuri. Mnyambuliko ndio unaotuponyoka.

Chukueni "kurusha". Nikisema "alinirushia", bado hamjui kama tulikuwa tunacheza au tunagombana. Mnangoja neno linalofuata: alinirushia mpira, alinirushia jiwe. Kiingereza hakingoji. "He threw the ball to me" ni mtu anayenipa nidake. "He threw the stone at me" ni mtu aliyenilenga. Jaribu kubadilisha, useme "he threw the ball at me", na mchezo umeshakuwa ugomvi. Ni hivyo hivyo kwa "shout". "She shouted to me" maana yake nilikuwa mbali, akapaza sauti nisikie. "She shouted at me" maana yake alinifokea. Niliwahi kuhariri ripoti moja ambamo msimamizi aliwaita wafanyakazi wake wasogee kwenye kivuli, tena kwa huruma kabisa, lakini mwandishi aliandika "at". Kwenye karatasi msimamizi yule akawa mtu wa kufoka. Herufi mbili tu, na hakuna programu ya kusahihisha tahajia itakayozipigia mstari, kwa kuwa sentensi ni sahihi. Haikuwa kweli, lakini ilikuwa sahihi.

Au tazameni "kukimbia". Alikimbia nyumba, alikimbilia nyumba. Wa kwanza anaondoka, wa pili anakwenda, na tofauti yote imekaa katikati ya kitenzi. Kiingereza kinaacha "ran" kama ilivyo na kubadilisha kilicho nyuma yake: "ran from the house", "ran to the house". Hata ile "-ni" yetu ya mahali ina tabia hiyo. Yupo ofisini, amekwenda ofisini, ametoka ofisini. Neno "ofisini" halikugeuka hata mara moja, kwa sababu anayeonyesha njia ni kitenzi. Kwa Kiingereza ni "at the office", "to the office", "from the office". Na ukishazoea hilo, "home" inakuja kukuvuruga: "go home", "come home", bila "to" yoyote. Msiniulize kwa nini leo, tutakesha.

Makosa yenyewe huja kwa njia mbili: kuna kihusishi kinachokosekana, na kuna kinachozidi.

Kinachokosekana hutokana moja kwa moja na "-ni-" na "-m-" zetu za ndani ya kitenzi. Nisikilize. Nisubiri. Nitazame. Nieleze. Mtu amepachikwa ndani, hakuna nafasi ya kijineno. Ndiyo maana tunaandika "listen me", "wait me", "explain me". Kiingereza kinataka "listen to me", "wait for me", "look at me". Katika hao, msumbufu mkubwa ni "explain", kwa sababu jirani yake "tell" anaruhusu. "Tell me the problem" ni sawa. "Explain me the problem" si sawa, lazima "explain the problem to me". "Describe", "suggest", "say" na "announce" wako kundi moja na "explain": kwanza jambo, kisha "to", kisha mtu. Na hapa mkoba wangu unarudi. Kwa kuwa mtu hakai karibu na "explain", hawezi kupanda kuwa kiima katika kauli ya kutendwa. "I was told" inakubalika. "I was explained" haikubaliki, hata kama "nilielezwa" inatiririka vizuri mdomoni. Andika "it was explained to me", au rudi kwenye "I was told", ambayo ni fupi na mara nyingi ndiyo uliyoitaka.

Kihusishi kinachozidi kina asili nyingine, na hapa hatuko peke yetu. "Discuss about" nimeiona kwa waandishi wa mabara tofauti ambao lugha zao hazina undugu wowote. Nadhani chanzo ni nomino. "A discussion about salaries" ni sahihi kabisa, kwa hiyo kalamu inadhani "discuss about salaries" nayo ni sahihi. Kumbe kitenzi kimeshakimeza kihusishi. Ni hivyo hivyo "a request for help", lakini "request help". "Emphasis on quality", lakini "emphasize quality". "An investigation into the fire", lakini "investigate the fire". "A lack of money", lakini "we lack money". "An attack on the town", lakini "attack the town". Barua za maombi zimejaa "I hereby request for", na kila nikiiona mkono unakwenda wenyewe kwenye "for". Ama uifute, ama ugeuze "request" kuwa nomino: "I write to make a request for."

Ningependa kuwaambia kwamba hiyo ni kanuni isiyovunjika. Haivunjiki mpaka ukutane na "rely on", ambayo nomino yake ni "reliance on", au "respond to" na "response to". Hizo zimebaki na kihusishi pande zote mbili. Kwa hiyo itumieni kama kengele ya kuwashtua, msiifanye sheria.

Na hapo ndipo watu huniuliza: basi mantiki iko wapi? Kuna aina fulani ya mwanafunzi, nami nilikuwa mmoja wao, ambaye hawezi kukariri kitu bila kupewa sababu. Nilimtafutia sababu "depend on" kwa muda mrefu. Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, na huko maana yake ni kuning'inia kutoka kwa kitu. Wafaransa walilichukua na mpaka leo wanasema kwa "de", yaani kutoka kwa. Kwa mantiki, Waingereza wangesema "depend from". Wakachagua "on". "With" nayo, ambayo leo ni pamoja na, katika Kiingereza cha kale maana yake ilikuwa dhidi ya. Mabaki yake yamo ndani ya "withstand", kusimama dhidi ya kitu, na ndani ya "fight with", ambayo bado ina utata: unapigana pamoja naye au mnapigana ninyi wawili? Neno la kale la pamoja lilikuwa "mid", nalo lilikufa, likabaki kaburini mwa "midwife", mwanamke aliye pamoja na mzazi. "Of" na "off" zilikuwa neno moja. Zamani Kiingereza kilikuwa na viambishi vya mwisho vya nomino vilivyofanya sehemu ya kazi hii. Viambishi vilipolika, vihusishi vikarithi mzigo, kila kimoja kikachukua sehemu kiliyoikuta. Ukijua hivyo unaacha kutafuta mantiki na unaanza kuandika kwenye daftari. "Interested in", "good at", "afraid of", "married to", "accused of" lakini "charged with". Ni jozi, uziandike kama jozi. Anayejifunza "accuse" peke yake amejifunza nusu ya neno.

Kuhusu "in", "on" na "at" sitakaa sana, kila kitabu cha shule kinayo. "At" huona nukta, "on" huona uso au mstari, "in" huona kitu kinachozunguka. Kwa wakati, saa huchukua "at", siku "on", mwezi na mwaka "in". "At night" ni ya kukariri. "In the morning" hubadilika kuwa "on the morning of 5 June" siku ikishatajwa. Na "next", "last", "this" na "every" hazitaki kihusishi mbele yao, kwa hiyo "on last Monday" ikatwe. Mfano mmoja tu nitauleta karibu, kona. Duka liko kwenye kona ya barabara: "at the corner" au "on the corner". Kiti kiko kwenye kona ya chumba: "in the corner". Sisi tuna "kwenye kona" moja kwa zote. Mwingereza anauliza kwanza: uko nje ya kona unaizunguka, au uko ndani yake kuta zimekukumbatia? Ukijiuliza swali hilo kwa macho, ukaiona picha, "in" na "on" zinajileta zenyewe. Ukijiuliza kwa tafsiri utabahatisha.

Jozi inayonitisha zaidi katika barua za kazi ni "by" na "until", kwa sababu kosa lake halionekani na hasara yake inaonekana. Sisi tuna "hadi" na "mpaka", tena tunazitumia kwa mambo mawili: jambo linaloendelea mpaka kikomo, na jambo linalotakiwa liwe limekwisha kabla ya kikomo. Kiingereza kimegawa. "Until" ni ya kuendelea. "By" ni ya kumalizika. "Submit the form until Friday" inamwambia mtu awasilishe fomu, na kesho awasilishe tena, na keshokutwa, asiache mpaka Ijumaa. Ulitaka "by Friday". Mimi niliteleza upande wa pili. Nilimwandikia mteja "I will be away by the 20th", nikimaanisha sitakuwepo hadi tarehe 20. Yeye akaelewa, na alielewa sawasawa nilichoandika, kwamba bado nipo na kwamba ikifika tarehe 20 nitakuwa nimeshaondoka. Tarehe 12 akanitumia kurasa 90, akakaa akizingoja. Niliporudi nilikuta barua pepe nne, ya kwanza ya adabu na ya nne sitaisoma hapa.

Tuingie kwenye vitenzi vyenyewe. Vitenzi visivyofuata kanuni, "go, went, gone" na wenzake, ni takriban 200, na vile vinavyotumika sana kuliko vyote ndivyo vimo humo: "be", "have", "do", "say", "go", "get", "make". Vya kukariri, hakuna njia ya mkato. Wala sitapoteza muda kwenye "did not went", isipokuwa kuwakumbusha kwamba "did" imeshabeba wakati uliopita, na wakati haubebwi na wawili.

Ninachotaka tukae nacho ni "-me-". Katika sarufi za shule tumeambiwa "-me-" ni "have" na "has". Nusu yake ni kweli. "Nimemaliza" ni "I have finished", vizuri. Sasa tafsiri "amelala". Mtu yuko kitandani, macho yamefumba, anakoroma. Ukiandika "he has slept", umesema amekwisha kupata usingizi wake na pengine sasa anakunywa chai. Ulitaka "he is asleep" au "he is sleeping". "Amesimama mlangoni" ni "he is standing at the door". "Amevaa koti" ni "he is wearing a coat". "Nimechoka" ni "I am tired". "-me-" yetu ina uwezo wa kusema kitendo kilikwisha na hali yake bado ipo mbele ya macho yetu, na kwa vitenzi hivi tunachokiona ni hali. Kiingereza kwa hali hiyo hutumia "is". Nimewahi kusoma maelezo ya shahidi yaliyosema "the man has stood near the gate and has worn a cap". Wakili makini angeweza kuuliza: amesimama lini, na kofia aliivua saa ngapi?

"-me-" hiyo hiyo hutupeleka pabaya kwa jana. "Nimemwona jana" wengi wetu tunasema. "I have seen him yesterday" Kiingereza hakipokei. Hali timilifu yao haikai na neno la wakati uliokwisha, iwe "yesterday", "last year" au "in 2015". Ni "I saw him yesterday." Halafu pale wanapoitaka, sisi tunaisahau. "Nafanya kazi hapa tangu 2019" inatuvuta tuandike "I am working here since 2019". Kwao, kitu kilichoanza zamani na kinaendelea ndiyo kazi hasa ya "have": "I have worked here since 2019", au "I have been working here". Na ukihesabu muda badala ya kutaja mwanzo, "since" inampisha "for": "for six years". Mtaona hapo kitenzi na kihusishi vinashikana mkono. Ukiona "since" kwenye sentensi yako, rudi nyuma ukague kitenzi.

Kuna "-nge-" pia. "Ningejua, ningekuja." Kiswahili kinaweka "-nge-" pande zote mbili na sentensi inapendeza kama mizani. Kalamu inaandika "If I would know, I would come." Kiingereza kinaruhusu "would" upande mmoja, ule wa matokeo. Upande wa "if" unarudi nyuma hatua moja ya wakati: "If I knew, I would come", na kwa jambo lililokwisha kupita, "If I had known, I would have come." "Atakapofika" ina mtego wa namna hiyo. Tuna "-taka-" ndani yake, wakati ujao uko wazi, tunaandika "when he will arrive". Wao husema "when he arrives", kwa kuwa wakati ujao umeshatajwa kwenye kishazi kikuu.

Nisije nikawafanya mwone Kiswahili ni adui. Kuna mahali kinatubeba. Wazungumzaji wengi wa Kiingereza wenyewe hujikwaa kwenye "I suggested that he come". Wanataka kuongeza "s", waandike "comes". Sisi tunasema "nilipendekeza aje", na ile "-e" ya mwisho inatuambia papo hapo kwamba hili halijatendeka, ni ombi tu. Kila mahali unaposikia "-e" hiyo baada ya "suggest", "recommend", "demand" au "insist", acha kitenzi cha Kiingereza kikiwa uchi. Waingereza mara nyingi huweka "should come", nayo ni sawa.

Kwenye upatanisho Kiswahili kinatusaidia zaidi, ila hatukitumii. "The list of names are attached" ni kosa la kila siku, "names" iko karibu na kitenzi inakivuta. Irudishe sentensi kwa Kiswahili. Orodha ya majina imeambatishwa. Je, ungesema "orodha ya majina yameambatishwa"? Sikio lingekataa kabla hujamaliza. Basi ni "is". Kipimo hicho kinatenganisha hata jozi inayowasumbua wahariri wazoefu: "The number of students has risen", idadi imeongezeka, "A number of students have left", wanafunzi kadhaa wameondoka. Ngeli zetu zimetupa mafunzo ya upatanisho ambayo mzungumzaji wa Kiingereza hajawahi kuyapata, naye anaihangaikia "s" moja.

Bado kitu kimoja kidogo kinachouma. "To" ni mbili. Kuna "to" ya kitenzijina, "I want to go", na kuna "to" kihusishi, "I look forward to going". Ndiyo maana "I look forward to hear from you", inayofunga maelfu ya barua, ina kasoro. Kipimo changu ni kuweka "it". "I look forward to it" inasimama, basi "to" hiyo ni kihusishi na kinachofuata kiwe na "-ing". "I want to it" haisimami, basi ni kitenzijina. Kwa kipimo hicho mtaona "object to", "committed to" na "be used to" zote zinaangukia upande wa "-ing".

Labda mlifundishwa kwamba sentensi haifai kuishia na kihusishi. Mwaka 1672 mshairi Mwingereza John Dryden alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa jambo hilo, na Jonson hakuweza kujibu kwa kuwa alikuwa amefariki tangu 1637. Mwaka 1762 mwanasarufi Robert Lowth akaandika katika kitabu chake cha sarufi kwamba ni mtindo ambao lugha yao inaelekea sana kuutumia, na kishazi chake chenyewe kikaishia na "to". Walipima Kiingereza kwa rula ya Kilatini, ambamo kihusishi hakiwezi kuachwa nyuma. Mimi "the person I spoke to" naiacha ilivyo. Katika barua rasmi sana nitaandika "the person to whom I spoke". Ninayoikata bila huruma ni ya mwoga aliyetaka kuwaridhisha wote: "the person to whom I spoke to."

Na mkisahihishana, mjue kwanza mwandishi anafuata Kiingereza cha wapi. Uingereza ni "at the weekend" na "write to me". Marekani ni "on the weekend", na "write me" hukubalika. Uingereza mtu yuko "in hospital", Marekani "in the hospital". Hakuna aliyekosea, ila asichanganye zote kwenye ukurasa mmoja. "Comprised of" ni kesi nyingine: wakali wa sarufi huikataa kwa kuwa "comprise" peke yake tayari ni kujumuisha, haihitaji "of". Kamusi zimeanza kuionea huruma. Mimi bado naikata, na nakubali huenda ni ukaidi wa umri.

Ninavyofanya kazi ni hivi. Nikishamaliza kusahihisha hoja, narudi mwanzo nikisoma vitenzi tu, kidole kwenye kila kimoja, nikikiuliza: mwenzako yuko wapi? Nikisita, nafungua kamusi ya wanaojifunza lugha, kwa sababu hizo huonyesha kihusishi kando ya kitenzi pamoja na mfano, tofauti na kamusi ndogo za mfukoni zinazotoa maana peke yake. Ni kazi ya polepole. Kurasa 10 zinaweza kula asubuhi nzima.

Kwenye karatasi mlizopewa mlangoni kuna sentensi moja. Nimeitunga mwenyewe, kwa hiyo msimtafute mwenyewe: "I am working here since 2019 and I request for a chance to discuss about my salary until the end of this month, a meeting which I look forward to attend." Rekebisheni kwa kalamu, bila simu. Kuna makosa matano. Kabla hamjaligusa la "until", amueni kwanza kama mwandishi anataka mazungumzo ya mshahara yaendelee mwezi mzima. Wengine wangependa.

Nawapa dakika tano. Wa nyuma, naona umeshaweka kalamu chini. Tuanze na wewe.